Myeyusho kamilifu na shinikizo la mvuke

Funika kabisa chombo chenye kioevu, na baadhi ya molekuli zitaponyoka ziwe mvuke huku nyingine zikirudi chini. Zinazotoka zikilingana na zinazorudi, msukumo wa mvuke huo ndio shinikizo la mvuke. Likifikia shinikizo la hewa ya nje, kioevu huchemka. Ndiyo maana Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharagwe hukawia motoni kuliko Mombasa.

Je, vioevu viwili vikichanganywa? Mkemia Mfaransa François-Marie Raoult alilijibu swali hili miaka ya 1880: kila kimoja huchangia shinikizo lake la kikiwa peke yake, mara sehemu yake katika jumla ya molekuli. Sehemu ya molekuli, si ya lita wala ya gramu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama.

Chukua heksani na heptani, zote zimo ndani ya petroli. Kwenye nyuzi 25, heksani tupu ina shinikizo la kilopaskali 20 hivi, heptani 6. Zikiwa nusu kwa nusu, heksani inatoa 10, heptani 3, jumla 13. Sasa tazama mvuke: 10 kati ya 13, yaani asilimia 77, ni heksani, ingawa chini ni nusu tu. Kilicho chepesi kuruka hujazana juu. Wapika chang'aa, pombe ya kienyeji inayotokana na kupoza mvuke, walilijua hilo bila hesabu yoyote: matone yanayotangulia ndiyo makali.

Myeyusho unaotii kanuni hii kwa kila kipimo huitwa kamilifu. Humo molekuli huvutwa na jirani wa aina nyingine sawasawa na inavyovutwa na wa aina yake, kwa hiyo kuchanganya hakutoi joto wala hakupunguzi ujazo. Kusema kweli, hakuna myeyusho uliokamilika kabisa. Heksani na heptani zimekaribia kwa sababu zinafanana mno.

Ethanoli, yaani alkoholi ya pombe, na maji ni habari nyingine. Mimina mililita 50 za kila kimoja na hupati 100, bali 97 hivi. Mkia wa ethanoli, yaani upande wa molekuli yake wenye kaboni na hidrojeni tu, haushikamani vizuri na maji, basi molekuli huponyoka kwa urahisi kuliko Raoult anavyotabiri. Wanaokeneka ethanoli ya molasi ya miwa, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake, kama kule Muhoroni, magharibi mwa Kenya, hukutana na ukuta: ikifika asilimia 95.6 kwa uzito, mchanganyiko huchemka kwenye nyuzi 78.2, chini ya ethanoli tupu yenye 78.4, na mvuke wake una maji kiasi kilekile kilichomo kwenye kioevu. Keneka tena usiku kucha, hutatoka hapo. Anayetaka ethanoli kavu ya kuchanganya na petroli huupitisha mvuke kwenye punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, ambazo vitundu vyake hupokea molekuli za maji na kuiacha ethanoli ipite.