Je, wajua kwa nini sheria ya Kiyahudi haikubali mateka akombolewe kwa bei yoyote?

Mwaka 2011 Israeli ilikubali kuwaachia wafungwa 1,027 ili askari mmoja, Gilad Shalit, aliyetekwa na wapiganaji wa Kipalestina mpakani mwa Gaza mnamo Juni 2006, arudi kwao. Wengi waliofuatilia habari hiyo walihitimisha kwamba dini ya Kiyahudi inaamuru mateka akombolewe kwa gharama yoyote ile. Hiyo ni nusu ya habari. Sheria hiyohiyo inayoutukuza wajibu huo ndiyo inayouwekea kikomo, na kikomo chenyewe kiliwekwa kwa ajili ya watu ambao bado hawajatekwa.

Wajibu wenyewe ni mzito kweli. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya kale ya marabi, inasema utekwaji ni mbaya kuliko upanga na njaa, kwa kuwa mateka anakabiliwa na hayo yote kwa pamoja. Maimonides, rabi na mwanasheria wa karne ya 12 aliyewachangishia fedha mateka wa Kiyahudi huko Misri baada ya mji wa Bilbeis kutekwa mwaka 1168, aliandika kuwa kumkomboa mateka kunatangulia kulisha na kuvisha maskini. Kitabu cha sheria cha Yosef Karo, kilichochapwa mwaka 1565, kinaruhusu fedha za kujengea sinagogi zitumike kulipa fidia. Hata kama mbao zimeshanunuliwa na kutengwa kwa ajili ya ujenzi, ziuzwe. Anayechelewesha ukombozi bila sababu, kinasema, ni kama mmwaga damu.

Lakini Mishna, mkusanyiko wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, iliyokusanywa yapata mwaka 200, inatamka katika sehemu iitwayo Gittin kwamba mateka hawakombolewi kwa zaidi ya thamani yao, kwa ajili ya utengamano wa dunia. Thamani hapo haikuwa kipimo cha utu wa mtu; kwa kawaida ilieleweka kuwa bei ya soko la watumwa. Nyaraka za Wayahudi wa Kairo za karne ya 11 zinaonyesha kiwango kilichozoeleka katika bandari za Mediterania: dinari 100 kwa mateka watatu, yaani dinari 33 na theluthi kwa kila mmoja. Jumuiya ilijua mapema ichange kiasi gani, na mtekaji alijua asitarajie zaidi.

Talmudi haikuishia kutaja kikomo, iliuliza sababu yake. Je, ni kuwaepusha watu na mzigo wa michango usiobebeka, au ni kuhakikisha watekaji hawapati hamu ya kuteka wengine? Chukua kijiji kinachoibiwa ng'ombe. Wakimlipa mwizi mara tano ya bei ya mnadani ili amrudishe ng'ombe mmoja, mwenye ng'ombe atalala usingizi, lakini usiku huohuo wezi wa bonde zima watakuwa wamejua zizi la kwenda. Kama tatizo ni umaskini wa kijiji tu, tajiri anayelipa kwa mfuko wake hamkosei mtu. Kama tatizo ni wezi kuvutwa, fedha ya tajiri ina madhara yaleyale. Ndiyo maana marabi walijadili kisa cha Levi bar Darga, aliyemkomboa binti yake kwa dinari 13,000 za dhahabu. Abaye, mmoja wa marabi hao, alihoji: nani alisema wenye hekima waliridhia? Maimonides na Karo walishika sababu ya pili.

Milango michache iliachwa wazi. Mtu anaweza kujikomboa mwenyewe kwa kiasi chochote, na wafafanuzi wa Ulaya ya zama za kati waliongeza kwamba kikomo huondoka pale maisha ya mateka yanapokuwa hatarini. Mabishano mengi ya leo yamo katika mlango huo wa mwisho.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Rabi Meir wa Rothenburg, aliyekamatwa mwaka 1286 na kufungwa na mfalme Rudolf wa Habsburg hadi alipofariki mwaka 1293. Inasemekana aliwakataza Wayahudi kumlipia ili wafalme wasizoee kuteka marabi. Simulizi hiyo inatoka kwa Rabi Shlomo Luria wa karne ya 16, miaka mingi baadaye, kwa hiyo ichukuliwe kwa tahadhari. Mazungumzo ya fidia yalifanyika, na mvutano ulihusu pia madai ya mfalme kwamba Wayahudi ni mali yake. Kilicho wazi ni kwamba maiti yake ilizuiliwa hadi mwaka 1307, Alexander Wimpfen alipolipa. Makaburi yao yako bega kwa bega mjini Worms, Ujerumani.

Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya fedha. Leo bei ni watu, na hapo hesabu inabadilika. Ndege ya Air France ilipotekwa na kupelekwa Entebbe, Uganda, mwaka 1976, watekaji walidai wafungwa 53. Rabi Ovadia Yosef alitoa hukumu kwamba inaruhusiwa kuwaachia: hatari ya mateka ni ya hakika na iko mbele ya macho, ile ya wafungwa kuua tena ni ya kudhaniwa. Rabi Shlomo Goren alipinga mabadilishano ya mwaka 1985, ambapo wafungwa 1,150 walitolewa kwa askari watatu. Miongoni mwa walioachiwa mwaka huo alikuwemo Ahmed Yassin, ambaye miaka miwili baadaye alianzisha kundi la Kipalestina la Hamas. Yahya Sinwar, aliyekuja kuiongoza Hamas huko Gaza, alitoka mwaka 2011.

Hoja ya Ovadia ina nguvu kwa sababu mateka ana jina na mama anayemngoja. Udhaifu wake ni kwamba wafiwa wa kesho hawana jina bado, na wafiwa wa jana huambiwa wavumilie. Mwaka 2011 walipewa saa 48 kupinga orodha mahakamani. Kati ya waliotoka ni mwanamke aliyehukumiwa vifungo 16 vya maisha kwa mlipuko wa mgahawa wa Sbarro, Yerusalemu, wa Agosti 2001. Kwa familia nyingi za Kipalestina, waliotoka ni watoto wao waliokuwa kifungoni. Kwa waliozika watoto wao baada ya Sbarro, hukumu ya mwanamke huyo ilikuwa haki waliyokuwa wamepewa na dola. Mahakama ya Juu iliyatupa maombi yao, ikisema uamuzi ni wa serikali.

Serikali yenyewe ilijaribu kurudi kwenye Mishna. Mwaka 2008 iliunda kamati chini ya jaji mstaafu Meir Shamgar ipendekeze kanuni za mabadilishano. Ripoti ilikabidhiwa Januari 2012, miezi michache baada ya Shalit kurudi, ikafanywa siri na haikugeuzwa kuwa sheria. Oktoba 2025, mateka 20 wa mwisho waliokuwa hai Gaza walipoachiwa, Wapalestina karibu 2,000 walitoka, na bei ilipangwa upya mezani kama mara zote zilizotangulia.