Vision Zero si kusema ajali zitaisha

Kila ikitajwa Vision Zero, ule mpango wa kumaliza vifo na majeraha mabaya barabarani, Mombasa hapa utaskia watu wakicheka, eti ajali ziishe na hizi bodaboda za Kongowea, ndoto za mchana! Lakini nani amesema ajali ziishe? Uswidi ndio walianza, bunge lao likapitisha 1997, na wazo lao ni kwamba binadamu atakosea tu, awe makini vipi, kwa hivyo barabara ijengwe ikijua hilo, mtu akikosea ivunjike taa ya gari isivunjike shingo.

Ndio maana wanang'ang'ana na spidi. Gari ikiwa kilomita 60 kwa saa nguvu yake ya kugonga ni mara nne ya ile ya 30, sio mara mbili vile wengi hudhani, na anayevuka kwa miguu hana bampa. Basi penye watu wengi wanaweka 30, matuta, vivuko vilivyoinuliwa, na barabara kuu zinawekwa waya katikati magari yasikutane uso kwa uso.

Oslo, mji mkuu wa Norway, mwaka 2019 hakufa mtu wa miguu wala wa baiskeli hata mmoja, alikufa dereva mmoja tu mwaka mzima, na magari bado yaligongana. Umoja wa Ulaya nao unataka kukaribia sifuri ifikapo 2050.

Huku kwetu ukisema usalama barabarani watu wanawaza msako wa matatu tu. Msako sawa, ila askari akienda chamcha, anayevuka pale Bombolulu anabaki na barabara ile ile.