Umeshika pedi tangu utotoni, mbona bado unafungwa?

Mpwa wangu ana miaka kumi na minne. Likizo ya Desemba alikuja kukaa kwetu, na jioni ya kwanza tukacheza gemu ya soka kwenye runinga, akanifunga tano bila. Hakushangilia, na hilo ndilo lililouma. Aliuliza tu, "Mjomba, tubadilishane timu?" kwa ile heshima ya mtoto anayemwonea mkubwa huruma. Mimi nilianza na TV gemu darasa la pili, zile za kanda ya njano iliyoandikwa kuwa ina gemu laki kadhaa, ukiiwasha unakuta kumi na tano zinazojirudia. Nikapita kwenye vibanda vya gemu, nikanunua mashine yangu kwa mshahara wa kwanza, na sijawahi kuacha. Usiku ule niliwaza jambo ambalo nadhani wenzangu wengi wa rika langu huliwaza kimyakimya: huenda sijawahi kuwa mzuri hata siku moja.

Nimelichunguza wazo hilo kwa wiki kadhaa. Limejengwa juu ya dhana ambazo nyingi zimepinda.

"Miaka thelathini kwenye gemu, lazima niwe hodari"

Hii ndiyo mama wa zote. Mfikirie dereva wa daladala aliyepiga ruti ya Mbagala kwenda Kariakoo miaka ishirini. Anajua kila shimo, anajua trafiki gani husimama wapi, anakula muhogo kwa mkono mmoja huku anakata kona. Lakini mwaka wa ishirini haendeshi vizuri kuliko mwaka wa nne, kwa sababu kazi haimdai zaidi ya kufika. Ujuzi ukishatosheleza kilichopo, mwili huuweka kwenye mazoea na kuendelea na mambo mengine.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Wanafunzi wale walikuwa wameanza kupiga wakiwa na umri unaokaribiana, kwa hiyo miaka ya kushika ala haikuwatofautisha sana. Kilichowatofautisha ni saa walizojifungia peke yao wakifanya mazoezi. Baadaye watu waliuchukua utafiti huo wakautangaza kama kanuni ya saa 10,000, kana kwamba saa zozote zinafaa, hata za kujinyoosha kwenye kochi. Ericsson mwenyewe aliipinga tafsiri hiyo.

Sasa nikajikagua. Katika miaka yangu yote, ni lini nilikaa saa nzima nikifanya zoezi la mpira wa adhabu tu? Sijawahi. Nilikuwa natoka kazini, nawasha, nacheza mechi tatu, nalala. Ni starehe, tena halali kabisa, na wala sijutii. Ila ukitaka kuihesabu kama mazoezi, unajidai deni ambalo hukukopa.

"Anayejua gemu anajua gemu zote"

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, wote wa Marekani, walifanya jaribio kwa wachezaji wa sataranji. Waliwaonyesha ubao wenye kete kwa sekunde tano, kisha wakawaambia wazipange upya kutoka kichwani. Ubao ulipotoka kwenye mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali sana anayejifunza. Kete zilipotawanywa ovyo, karibu tofauti yote ikayeyuka. Kumbe bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa na maumbo ya sataranji kichwani, maelfu kwa maelfu, na nje ya maumbo hayo ni mtu kama wewe.

Wacheza soka la kwenye runinga hawahitaji maabara kulithibitisha hili. Sisi tuliokulia kwenye Pro Evolution tulipiga mashuti kwa kitufe cha mraba na mipira ya juu kwa cha duara. Upande wa gemu ya FIFA, ambayo siku hizi ni EA Sports FC, vitufe hivyo vimepishana: duara ni shuti, mraba ni mpira wa juu. Nimewahi kufika na mshambuliaji mbele ya golikipa aliyekwishalala chini, goli jeupe kabisa, nikabonyeza mraba, na mpira ukapaa kwenda kwenye kibendera cha kona. Chumba kizima kilicheka. Kidole gumba kilikuwa kimefanya kazi yake vizuri mno, isipokuwa kilikuwa kwenye gemu nyingine. (Ndiyo, vitufe vinaweza kubadilishwa kwenye mipangilio. Ukiwa mgeni kwenye pedi ya mtu, nani atakuruhusu?)

Kwa hiyo mkongwe anayehamia gemu mpya hubeba mzigo wa mazoea ambao anayeanza hana, na wiki za mwanzo anaweza kuonekana mbovu kuliko mtoto wa jana.

"Nilikuwa bingwa wa mtaa, kwa hiyo nimeshuka"

Kibanda chetu kilikuwa na TV mbili za chogo na pedi nne. Moja fimbo yake ilivuta kushoto. Ukiiacha, beki wako anatembea taratibu kwenda kutoa mpira. Sheria ya mwenye kibanda ilikuwa fupi: aliyefungwa anatoka, mshindi anabaki, anayeingia ndiye analipa. Na mshindi alibaki na pedi aliyonayo. Ilinichukua miaka mingi kuona maana ya hilo. Zile Jumamosi nilizokaa kwenye kiti cha plastiki mechi baada ya mechi, nilikuwa na pedi nzima, nao wakiingia mmoja mmoja na ile inayovuta kushoto. Tena walikuwa wale wale, kama kumi na watano hivi, niliowajua hata watakavyopiga penalti.

Mtandaoni hakuna kiti cha plastiki. Mashindano mengi ya mtandaoni hupanga wachezaji kwa hesabu zenye asili kwenye sataranji, kwa Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia Milwaukee. Shirikisho la sataranji la Marekani liliuchukua mfumo wake mwaka 1960, na la dunia, FIDE, mwaka 1970. Kila mchezaji ana namba. Namba yako ikiizidi ya mpinzani kwa 200, hesabu inakutarajia uvune karibu pointi 76 katika kila michezo 100 (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu). Ukivuna zaidi namba inapanda, ukivuna pungufu inashuka. Gemu za mtandaoni zinaongeza hatua moja: zinakutafutia mtu mwenye namba inayokaribia yako.

Tulia hapo kidogo. Mfumo ukifanya kazi vizuri, wewe utashinda karibu nusu na kupoteza karibu nusu, uwe wa daraja la mwisho au la kwanza. Ukiimarika, unapewa wagumu zaidi na nusu inarudi pale pale. Yaani mtu aliyezoea kushinda mechi tisa kati ya kumi kibandani anaingia mtandaoni, anakutana na tano kwa tano, na anahitimisha kwamba ameporomoka. Kumbe amewekwa kati ya watu wanaolingana naye, kwa mara ya kwanza maishani pengine. Anayetaka kujua kama anapanda aangalie namba au divisheni yake baada ya miezi. Matokeo ya jioni moja hayasemi kitu.

Lakini nisiwadharau mabingwa wa mitaa, maana kuna kisa kinachonizuia. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, anayejulikana kama Arslan Ash, alikwenda Japani kwenye mashindano ya Evo Japan, kucheza Tekken 7, gemu ya kupigana. Alikuwa amekulia kwenye mashine za mitaani za kwao, mbali na macho ya Wakorea na Wajapani waliotawala mchezo ule. Akachukua ubingwa. Miezi michache baadaye akachukua na ule wa Evo yenyewe, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, Las Vegas. Kisha akawaambia watu kwamba nyumbani wapo wengine wakali kama yeye. Kibanda kinaweza kuwa kidimbwi, na kinaweza kuwa bahari ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Ukiwa ndani yake huwezi kujua.

"Gemu za zamani zilikuwa ngumu, na tulizimaliza"

Contra tuliimaliza, ndiyo. Kwa ile siri ya vitufe: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, na unaanza na maisha 30 badala ya matatu. Tuache kujisifu.

Na hizi za karibuni zinazokufanya ujione shujaa nazo hukupa mkono bila kukuambia. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilipunguza ukali wa maadui kichinichini ikiona unakufa sana. Gemu nyingi za kurukaruka hukuruhusu kuruka hata kama mguu umeshatoka ukingoni kwa kitambo kidogo sana. Mwaka 2017 watengenezaji kadhaa walikiri hadharani hila zao: risasi ya kwanza ya adui inayokukosa makusudi, mstari wa uhai ambao kipande chake cha mwisho kina uhai mwingi kuliko kinavyoonekana ili uponee chupuchupu. Ukitoka kwenye gemu ya namna hiyo na kwenda kukutana na binadamu, utahisi mikono imelogwa.

"Vidole vimezeeka"

Hapa kuna punje ya ukweli, na siwezi kuificha. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha uchambuzi wa wachezaji 3,305 wa StarCraft II, gemu ya vita vya mbinu, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Walipima muda kati ya mchezaji kuona jambo jipya kwenye skrini na kulifanyia kitu. Kasi hiyo ilianza kupungua karibu na miaka 24. Ndiyo, ishirini na minne. Wengine hapo ndiyo kwanza wanatafuta ajira. Ila watafiti hao hao waliona wakubwa wakifidia kwa mbinu nyepesi na kwa kuitumia vizuri zaidi mitambo ya gemu yenyewe.

Kabla ya kulaumu vidole, kagua runinga. TV ya chogo ilionyesha ulichobonyeza karibu papo hapo. Runinga bapa husafisha picha kwanza, na baadhi huchelewesha hata zaidi ya milisekunde 100. Gemu inayokwenda picha 60 kwa sekunde huwa imeshachora picha sita katika muda huo. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Yangu ilikuwa imezimwa tangu nilipoinunua.

Halafu kuna umbali. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, ikiwa London, waya ungenyooka kama rula kutoka Dar es Salaam bado safari ya kwenda na kurudi ingekula milisekunde 75 hivi, na waya haunyooki. Unazunguka na bahari. Anayecheza nawe akiwa Uingereza hana safari hiyo.

"Mchezaji wa kweli hajitilii shaka"

Daigo Umehara wa Japani ndiye aliyefanya tukio linalotazamwa kuliko mengi katika gemu za kupigana. Evo 2004, Street Fighter III, Ken, mhusika anayemchezesha, amebakiwa na uhai wa kuhesabu, na mpinzani wake Justin Wong anamwachia pigo kuu la mhusika wake Chun-Li, lenye mateke 15. Daigo akazuia yote, moja moja, kisha akashinda raundi ile. Kinachosahaulika ni kwamba mashindano yenyewe ya Street Fighter III hakuyashinda, alifungwa fainali. Na miaka iliyofuata aliacha kushindana, na kwa kipindi fulani akafanya kazi ya kutunza wazee. Alirudi baadaye, akashinda Evo mwaka 2009 na tena 2010.

Mimi siwezi kujilinganisha na Daigo hata kwa mbali. Niliondoka na kitu kidogo tu: mtu mwenye mikono ile aliiweka pedi chini miaka kadhaa, na mikono haikumkimbia.

Siku ya tatu nilimwomba mpwa wangu turudie kutazama magoli aliyonifunga. Alisita, akidhani namtega. Tukatazama. Goli la kwanza, beki wangu wa kati anatoka kumfuata mwenye mpira, nyuma kunabaki uwanja mtupu. La pili, hivyo hivyo. La tatu akasimamisha picha, akauliza, "Mjomba, kwa nini unashikilia X muda wote?"

Kwa sababu X ndiyo iliyokuwa inakaba. Zamani ulikuwa unaishikilia tu, mchezaji anajipeleka na kunyang'anya mwenyewe. FIFA 12, mwaka 2011, ilileta mtindo mwingine wa ulinzi: X inakuweka karibu na mtu, na kunyang'anya unakutafuta mwenyewe kwa kitufe kingine, kwa wakati wake. Nilikuwa nacheza gemu ya leo kwa ulinzi wa miaka kumi na zaidi iliyopita. Usiku huo tulicheza mechi moja ambayo niliruhusiwa kugusa X mara tano tu, naye akihesabu kwa sauti. Nilifungwa mbili moja, na nilikuwa nimebakiwa na X mbili.