Usaili kwa njia ya simu wa kazi ya kuuza dawa: msaili anasikiliza nini?

Simu ya usaili haichagui saa. Namba ngeni inaingia ukiwa kwenye daladala, kondakta anaita abiria, na anayepiga ni ofisa wa kampuni ya dawa uliyoiomba kazi wiki tatu zilizopita. Usianze kujibu maswali humo. Mwambie: "Ahsante kwa kunipigia. Niko njiani, naomba tuzungumze baada ya nusu saa nikiwa mahali patulivu." Kisha timiza ahadi hiyo, simu ikiwa na chaji.

Naanza na hili kwa sababu kazi ya medrepu, yaani mwakilishi wa kampuni ya dawa anayewatembelea madaktari, ni kuzungumza. Daktari wa hospitali ya mkoa ana foleni mlangoni. Akikupa dakika tatu, amekuheshimu. Kwenye simu msaili haoni suti yako wala tabasamu. Anapima kama unaweza kueleza dawa kwa ufupi, kwa mpangilio, na bila kutia chumvi.

Hapo kwenye chumvi ndipo vijana wengi ninaowaandaa hujikwaa. Chukua ALu, dawa ya mseto ya malaria. Msaili anakuambia: "Mimi ni daktari. ALu ziko nyingi sokoni, kwa nini niandike ya kwenu?" Mwenye hamu ya kazi hujibu upesi kwamba ya kwetu ina nguvu zaidi. Jibu hilo linamwangusha. Viambato ni vilevile, artemether na lumefantrine, na kila ALu inayouzwa kihalali Tanzania lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Unachoweza kukitetea kwa haki ni bei, uhakika wa kupatikana, kidonge kinachoyeyuka kwenye maji kwa ajili ya watoto kama kampuni inacho, na pakiti inayomsaidia mama asichanganye dozi. Ongeza linalomfaa mgonjwa: dozi ni sita ndani ya siku tatu, ya pili hunywewa saa nane baada ya ile ya kwanza, na inywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa kuwa lumefantrine hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Yaseme hayo kwa sauti ndani ya dakika moja na nusu, jirekodi, sikiliza. Ukijisikia unakimbia, rudia taratibu.

Maswali ya uadilifu hayakosekani, nami nayaona kuwa ndiyo mazito kuliko yote. Daktari akikwambia mgonjwa wake ametokwa na vipele baada ya kutumia dawa yako, utafanyaje? Usiitetee dawa. Eleza kwamba utaandika taarifa, utaifikisha kwa kitengo cha usalama wa dawa cha kampuni bila kuchelewa, na utamkumbusha daktari kujaza fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa. Akiuliza kuhusu matumizi yasiyomo kwenye usajili, humjibu kwa kubahatisha. Unamuunganisha na mtaalamu wa tiba wa kampuni. Na anayetaka "kitu kidogo" ili aandike dawa yako? Vigezo vya maadili vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1988 vinakataza mwakilishi kutoa vishawishi vya aina hiyo. Lijibu waziwazi, sauti isitetereke.

Mezani weka wasifu wako na karatasi moja tu: bidhaa kuu za kampuni, wapinzani wake, na hospitali za eneo unaloombea. Ukiulizwa kama uko tayari kuhamia Kanda ya Ziwa au kama una leseni ya udereva, sema ukweli leo kuliko kujirudi baada ya kupewa barua.

Nawe uliza. Swali ninalolipenda ni hili: lengo la mauzo la eneo hili hupangwaje, na mtu mpya hupewa muda gani kabla ya kuanza kupimwa nalo? Linaonyesha unaijua kazi, na jibu lake litakusaidia kuamua.

Jambo moja la tahadhari: anayekupigia akidai fedha ya fomu, ya mafunzo au ya vipimo vya afya ili upewe nafasi, kata simu. Usimtumie hata shilingi.