Muziki wa Mozart na Akili ya Mtoto Mchanga

Imani kwamba mtoto mchanga akisikilizishwa muziki wa Mozart, mtunzi wa Ulaya wa karne ya 18, atakuwa na akili zaidi ilienea kiasi kwamba mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni humo apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Hata hivyo, utafiti uliozaa imani hiyo haukumhusisha mtoto hata mmoja.

Utafiti wenyewe, uliochapishwa na Frances Rauscher na wenzake katika jarida la Nature mwaka 1993, uliwahusu wanafunzi 36 wa chuo kikuu, ambao baada ya kusikiliza sonata (utungo wa ala za muziki) ya Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kuwazia maumbo, kama vile kubashiri karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Nafuu hiyo ilidumu takriban robo saa tu. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba hata kusikiliza hadithi kuliwasaidia vivyo hivyo watu walioipendelea hadithi hiyo, jambo linaloashiria kwamba chanzo kilikuwa uchangamfu wa msikilizaji, wala si Mozart.

Muziki haumdhuru mtoto, na hakuna sababu ya kuuzima. Lakini lugha yake hukuzwa zaidi na mazungumzo ya kupokezana, yaani mtoto atoe sauti na mlezi aitikie. Rekodi haiitikii; mlezi anayemwimbia huku akimtazama, hata kwa sauti inayokwaruza, huitikia.