Kurejesha ndege msituni: maana yake, kwa mfano wa kasuku

Katika uhifadhi, kurejesha spishi ni kuwapeleka viumbe kwa makusudi na kuwaachilia katika eneo ambalo aina yao iliishi zamani kisha ikatoweka, ili pawepo tena jamii inayozaliana na kudumu yenyewe. Hivyo ndivyo miongozo ya mwaka 2013 ya Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) inavyoieleza dhana hii. Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, hutajwa zaidi pale kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa wachuuzi wanaposemekana "wamerudishwa porini", na hapo ndipo mambo mawili huchanganywa, kwa kuwa kumfungulia ndege tundu ni jambo moja na kuirejesha spishi yake ni jingine.

Ikiwa msitu unaohusika bado una kasuku wake, hata kama ni wachache, wanaoletwa wanaongeza tu idadi ya waliopo, na kazi hiyo ina jina lake na masharti yake. Kozi wa Morisi, kisiwa cha Bahari ya Hindi, anaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 1974 walijulikana kubaki wanne tu porini, wote magharibi mwa kisiwa, katika mabonde ya Black River. Makinda waliozalishwa na kuachiliwa upande huo waliongeza jamii iliyokuwapo, lakini wale walioanza kupelekwa mwaka 1987 kwenye milima ya Bambous, upande wa mashariki ambako kozi alikuwa amekwisha kabisa, walikuwa urejeshaji kamili. Kazi ilifaulu pia kwa sababu dawa ya DDT, iliyolaumiwa sana kwa kumpunguza ndege huyo, ilikuwa imekwisha kuachwa kutumika kwa wingi kisiwani.

Sharti hilo, la kuondoa kwanza kilichoimaliza spishi, ndilo gumu kuliko yote. Kasuku wa kijivu hakumalizwa na sumu. Amepunguzwa na biashara ya ndege wa kufugwa pamoja na ukataji wa miti mikubwa yenye mashimo anamotagia. Mtegaji hufunga kasuku mmoja juu ya mti awe chambo, hupaka ulimbo kwenye matawi ya karibu, na kundi linapoitikia sauti ya mwenzao hunasa. Ndege hukatwa manyoya ya mabawa, hubanwa ndani ya kikapu au sanduku, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini walio hatarini, zilikubaliana kumweka katika Kiambatisho cha Kwanza, maana yake biashara ya kimataifa ya kasuku waliotegwa porini imekatazwa. Hata hivyo, karatasi haimzuii mwenye ulimbo, na mimi naona kwamba mradi wowote unaoachilia kasuku mahali ambapo mtego bado upo unamrudishia mtegaji mali yake.

Msitu nao lazima uwe wa ndege huyo. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ina ukubwa wa hekta 600,000 hivi na sehemu mbili zisizofanana: msitu wa milimani wenye baridi na mianzi, ambao wengi wetu tunaujua kwa kufika Tshivanga, na msitu mpana wa chini, upande wa Itebero na Nzovu. Kasuku wa kijivu ni hasa ndege wa misitu ya chini, anayependa matunda ya michikichi, kwa hiyo urahisi wa barabara kutoka mjini hauwezi kuwa ndio unaochagua mahali pa kumwachilia.

Kabla ya hapo kuna kazi ya daktari wa mifugo. Kasuku aliyekaa na ndege wengine sokoni anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya, na akiupeleka kwa kasuku wa msituni madhara yatazidi faida. Anapaswa kutengwa na kupimwa, kisha kusubiri manyoya yaliyokatwa yadondoke na mapya yaote, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi. Huwekwa na wenzake katika banda kubwa ili wajenge kundi na mabawa yapate nguvu, na baada ya kufunguliwa huendelea kuwekewa chakula karibu na banda, kikipunguzwa kidogo kidogo. Kasuku aliyezoea kusalimia wageni barazani ni mtihani wa pekee, kwani anaposhikwa na njaa huruka kuelekea kwenye sauti za watu.

Ufuatiliaji wake ni mgumu kwa sababu ndege huyu hutafuna vifaa vya redio anavyofungwa, ndiyo maana watafiti hutegemea sana kuhesabu makundi jioni yanapokwenda kulala. Idadi peke yake haitoshi, kwani kundi la kasuku waliokomaa linaweza kuonekana kwa miaka bila kuangua yai hata moja. Kinachotafutwa kwa darubini ni macho: kasuku mchanga ana macho meusi, ambayo hugeuka kijivu na baadaye manjano hafifu anapokua. Mwenye macho meusi, asiye na pete mguuni kama wale walioachiliwa, akiwa ndani ya kundi katika msitu uliokuwa umepoteza kasuku wake wote, yaelekea sana amezaliwa humo humo.