Je, wajua kwa nini daraja la mikokoni huliwa kiunoni?

Ukitaka kuijua hali ya daraja la mbao lililopita juu ya mikoko, usitazame mbao unazozikanyaga. Subiri maji yakupwe, shuka matopeni, uziangalie nguzo. Juu, chini kidogo ya mbao, nguzo ni nzima. Chini, pale inapoingia matopeni, ukichimbua kidogo utaikuta ngumu kama siku ilipozikwa. Katikati, kiunoni, imeliwa hadi imebaki nyembamba kama mkono wa mtoto.

Unguja na Pemba, madaraja madogo ya namna hii huwavusha wanawake wanaokwenda kwenye mwani na wavuvi wanaoteremka pwani. Mengine huvusha wageni, kama njia ya mbao ya Pete, katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Daraja likifungwa, mtu mwenye gunia la mwani mbichi kichwani hulazimika kuzunguka hori zima, yaani mkono wa bahari, kwa miguu. Kwa hiyo si swali la udadisi tu. Anayejua daraja linakufia wapi ndiye atakayejua pa kuanzia kulitengeneza.

Jibu linaanzia kwenye harufu. Matope ya mikokoni yananuka kama yai viza kwa sababu hewa haimo ndani yake. Bakteria wanaoishi humo hawahitaji oksijeni, na gesi wanayoitoa ndiyo hiyo inayotupiga puani. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, huchomoza mizizi yake juu ya tope kama penseli kwa ajili ya kutafuta pumzi. Kuvu wanaoozesha mbao nao hawawezi kuishi bila oksijeni, basi nguzo iliyozikwa humo hukaa salama. Mji wa Venice, kule Italia, umesimama karne nyingi juu ya nguzo za mbao zilizozikwa matopeni, na siri yake ni hiyohiyo. Juu nako jua na upepo huikausha mbao. Huoza pale tu maji ya mvua yanapotuama, yaani kwenye maungio na vichwa vya nguzo.

Kiunoni kuna maji, kuna hewa, na kuna wenyeji wawili.

Wa kwanza wataalamu humwita Teredo. Ana umbo la mnyoo, lakini ni jamaa wa chaza, na magamba mawili madogo ya kichwani ndiyo tupa yake ya kusagia mbao. Huingia angali mchanga kabisa, kwa tundu dogo kama kichwa cha pini, kisha hukulia ndani. Nje nguzo inapendeza, ndani ni mapango matupu. Watu wa vyombo wanamjua tangu zamani. Jahazi lilipandishwa pwani, likachomwa chini kwa moto wa makuti ili wadudu wafe, kisha likapakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Daraja halipandishwi pwani, na hapo ndipo penye shida.

Wa pili ni Sphaeroma, kidudu cha kiasi cha sentimita moja kinachojikunja kama kidonge ukikigusa. Hiki hakili mbao. Kinachimba nyumba tu, kisha kinakula chembe zinazoletwa na maji. Mizizi ya mkoko yenyewe haisalimiki nacho. Kwa kuwa kinapenda mahali panapofunikwa na maji na kuachwa wazi kila siku, nguzo hutobolewa katika mkanda huo huo mmoja, ikapata kiuno cha nyigu. Na mkanda wenyewe si mdogo: wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa Zanzibar hufika takriban mita 4.

Sasa tuje kwenye matengenezo. Nalisema hili kwa uchungu: michango ya kwanza ya kijiji mara nyingi huishia kwenye mbao za juu, kwa kuwa ndizo zinazoonekana na ndizo zinazomkwaza mpitaji. Daraja linang'aa, watu wanafurahi, na miguu yake ni ileile. Wenye kujua huanza chini. Hawaing'oi nguzo ya zamani, maana sehemu iliyozikwa bado ina nguvu. Huizika nguzo mpya ubavuni mwake, wakaifunga kwa bolti juu ya usawa wa maji, ile kongwe ikabaki ya kusaidia.

Lini? Hapa elimu ya wazee wa pwani inapita kitabu chochote cha uhandisi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji ya kwetu hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ndipo miguu ya daraja inapokuwa wazi kwa saa mbili tatu. Lakini saa hizo ndizo ambazo wakulima wa mwani, kazi iliyoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wako kwenye mistari yao. Ukiwaita darajani umewanyima riziki. Wavuvi wa dagaa wao huvua kwa taa, wakati wa giza, na mbaamwezi huwapumzisha. Basi kazi ya nguzo hupangwa kwenye bamvua ya mwezi kumi na nne, mikono ya wavuvi ikiwa huru. Mbao za juu hungoja maji mafu, siku ambazo maji hayapandi sana na fundi anaweza kufanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri.

Nguzo hazikatwi palepale mikokoni, hata kama miti iko hatua mbili. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, imeweka njia ya kijiji kuingia makubaliano ya kuutunza msitu wake, kwa hiyo sheha, kiongozi wa serikali katika eneo, na kamati ya uhifadhi huulizwa kwanza. Mbao zilizotiwa dawa hununuliwa na kuletwa kijijini. Msumari wa kawaida haufai: chumvi huula ndani ya muda mfupi, na mbao inayouzunguka ikalegea. Bolti zilizopakwa zinki ni ghali, lakini hapa si mahali pa kubana fedha. Wengine huuliza kwa nini isiwe zege moja kwa moja. Zege pia huumwa na chumvi. Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua kwa ndani.

Kabla ya kufungua, daraja hupakiwa mifuko ya saruji, kilo 50 kila mmoja, kipande baada ya kipande, huku mtu akiwa chini anatazama maungio. Vichwa vya nguzo huvishwa kofia za bati ili mvua isituame.

Baada ya hapo, kila bamvua ya mbaamwezi, mtu mmoja hushuka matopeni na nyundo, akagonga kila nguzo kiunoni. Nzima hulia "ko". Iliyokwisha kutobolewa hulia "bu", nayo hufungwa kitambaa chekundu, ikangoja bamvua ijayo.